Somo Anakwenda Kufundwa

Mimi ni somo. Kwa asiyejua mambo yetu ya pwani, somo ndiye mwanamke anayemfunda binti anapokaribia kuolewa. Anamweka ndani, anamsinga mwili, anamfukiza udi, na anamwambia yale yote ambayo mama mzazi anaona haya kuyatamka. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na minne, tangu marehemu mume wangu aliponivusha kutoka Pemba kuja Tanga. Jina langu ni Mwatima, lakini Ngamiani nzima hakuna anayelitumia. Hata muuza mkaa ananiita Somo.

Sasa fikiria hasira yangu siku daktari aliponiambia niende kwa mshauri nasaha. Mimi! Niende kushauriwa, tena na mtu wa kulipwa kwa saa!

Habari yenyewe ilianzia kwenye kichen pati moja kule Mwanzange. Ukumbi umejaa, kinamama wamevaa sare ya rangi ya machungwa, mimi nimesimama mbele na kipaza sauti. Nikasema vizuri robo saa nzima, watu wanacheka, wanatunza. Mara sauti ikakatika. Si kukwaruza, si kikohozi, ilikatika tu. Mshereheshaji akadhani ni chombo, akaniletea kingine. Nikafungua mdomo, pakavu. Nikaketi, wakapiga muziki.

Mara ya pili ikawa Sahare, mara ya tatu ikawa Pongwe. Na cha kunitia wazimu ni kwamba nyumbani nasema kama kawaida. Nabishana na wauza samaki, namkemea paka, naimba nikiosha vyombo. Nikinyanyuka kufunda tu, koo linafunga. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikanywa kombe la maalimu, yale maji ya aya zilizooshwa. Mwisho nikaenda kwa daktari wa koo, kijana mwenye kitaa kwenye paji la uso, akanichungulia weee, kisha akasema, "Bibi, koo lako ni zima kuliko langu." Akachukua karatasi akaniandikia namba. Jenifa, mshauri nasaha, ana ofisi yake mwenyewe Chumbageni.

Karatasi ile ningeitupa, wallahi. Lakini mjukuu wa marehemu dada yangu, Mwanaima, alikuwa amebakiza mwezi mmoja kuolewa. Mtoto huyu nilimpokea mimi alipozaliwa, na tangu ana miaka saba ananiambia, "Bibi, mimi utanifunda wewe." Nikishindwa, angeitwa yule somo wa Makorora mwenye jino la dhahabu, anayefunda huku anajitazama kwenye simu. Nisingeivumilia aibu hiyo. Na kulikuwa na jambo jingine chini ya aibu, ambalo sikutaka kulitazama. Nilikuwa naogopa kumfunda.

Basi nikapiga simu. Nilitegemea karani, akapokea mwenyewe. Sauti ya kisichana, yenye lafudhi ya milimani kule Lushoto. Akaniuliza jina, umri, nani kanielekeza, na kitu gani kinanisumbua. Nikasema koo. Akauliza kama nyumbani niko salama. Swali gani hilo? Nikamwambia nakaa na paka. Akasema niende Jumanne saa nne asubuhi, akanitajia ada yake, na akasema tutakaa dakika hamsini. Nilipokata simu nikacheka peke yangu. Mimi mwari namfunda siku saba, huyu atanimaliza kwa dakika hamsini.

Jumanne nikajiandaa kama inavyotakiwa mtu anapokwenda kufundwa, maana sikujua namna nyingine. Nikaoga, nikapaka liwa, nikajifukiza udi. Nikatia kwenye sinia doti moja ya kanga na kifurushi cha halua ya Wete, nikalifunika kwa kitambaa, nikapanda bajaji nalo mapajani.

Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la sare za shule. Nilitegemea kitanda, kile cha kwenye filamu ambacho mgonjwa analala chali anasimulia ndoto. Hakuna kitanda. Viti viwili, zulia dogo, kimeza chenye boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na saa ya ukutani iliyowekwa mahali ambapo wote wawili mnaiona. Na Jenifa mwenyewe, Msambaa mwembamba wa miaka kama thelathini, gauni la kitenge, kidoleni hana pete.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa sinia. Akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akaniambia kwa upole kwamba ada tuliyokubaliana inatosha na zawadi hapokei, tafadhali nisichukie. Nikachukia. Nikavua viatu, nikaacha viti vyake vyote viwili, nikakaa kwenye zulia, nikanyoosha miguu, nikajifunika kanga kichwani na kuinamisha uso. Hivyo ndivyo anavyokaa mwari.

Halafu, sikutegemea, na yeye akavua viatu akaja kukaa chini, akaegemea ukuta.

Akaanza kunieleza taratibu zake. Kwamba leo ni siku ya kufahamiana. Kwamba nina haki ya kukataa swali lolote, na nina haki ya kuacha wakati wowote, na nikiona hatuendani naye atanielekeza kwa mwingine bila kinyongo. Kwamba nitakayosema humu hayatatoka humu, isipokuwa kama maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini, au kuna mtoto anaumizwa. Akaniuliza kama nimeelewa, nikatikisa kichwa. Kusema kweli nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Nilikuwa nangoja amalize utangulizi, aanze kufunda.

"Basi karibu, mama," akasema. "Anza popote unapotaka."

Nikanyamaza. Mwari hasemi. Tangu dunia iumbwe mwari hasemi. Anainama, anasikiliza, akiulizwa anaitikia kwa kichwa.

Na yeye akanyamaza.

Nikangoja. Chini barabarani pikipiki zinapita, mtu anauza ukwaju kwa kipaza sauti. Nikamtupia jicho kupitia upindo wa kanga. Ametulia, mikono magotini, ananitazama bila kunikazia. Nikaitazama saa. Dakika nne. Nikainama tena. Dakika saba. Mgongo ukaanza kuniuma. Nikafikiri labda kasahau maneno, hawa wasomi bila daftari hawajiwezi. Dakika kumi kamili, za kulipia! Uvumilivu ukaniisha, nikaivua kanga kichwani.

"Binti! Mie nimekuja kufundwa, mbona hunifundi?"

Akatoa macho. "Mama, mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

"Unisubiri mie niseme nini? Mwari anasema?"

Akaitazama kanga yangu, akaitazama miguu yangu iliyonyooshwa, akalitazama sinia. Nikaona uso wake unabadilika. "Kumbe!" akasema. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza, na mimi nikajikuta nacheka pia, ingawa nilikuwa bado na hasira. Kumbe muda wote ule alidhani nina huzuni nzito iliyonifunga ulimi, na alikuwa anaiheshimu.

"Humu ni kinyume," akasema alipotulia. "Humu mwari ndiye anayesema, somo ndiye anayesikiliza."

"Basi huo si ufundi, huo ni uvivu."

"Inawezekana," akasema, wala hakukasirika.

Kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikaanza kumfunda yeye. Nikamwambia asikae mabega juu, nikamuuliza mbona hajaolewa, nikamwambia chumba chake kinanuka rangi afukize walau ubani. Akanisikiliza yote, na mawili akayaandika. Kisha akaniuliza, pale sauti inapokatika, huwa nimefikia wapi katika mafunzo.

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nikamwambia inakatika popote tu.

"Ungependa kunionyesha? Nifunde kama ningekuwa mwari wako."

Hilo nikaliweza. Nikakaa sawa, nikamfunda. Usafi wa mwili, usafi wa chumba, heshima kwa wakwe, namna ya kumpokea mume akirudi na namna ya kumkataa usipojisikia. Sauti inatoka safi. Nikafika kwenye fungu ninalolipenda, ambalo watu hunitunza kwalo kila mara. "Mwanangu, ya ndani hayatoki nje. Likikukuta lolote, lifu..."

Ikakatika.

Nikajaribu tena kuanzia mwanzo wa fungu. Ikakatika pale pale. Nikabaki mdomo wazi mbele ya binti wa watu, na machozi yanatoka. Hakunikimbilia kunibembeleza. Alilisogeza tu lile boksi la karatasi karibu nami.

"Lifunike," nikanong'ona. "Ndivyo linavyomalizika. Likikukuta lolote, lifunike."

"Maneno hayo yanakukumbusha mtu?" akauliza.

Nikamtajia. Jina hilo sikuwa nimelitaja kwa mtu miaka mitatu.

Mwanakombo, mtu wa Kigombe, nilimfunda mwenyewe. Akaolewa hapa hapa mjini, barabara mbili kutoka kwangu. Ijumaa moja baada ya sala akaja kwangu kajitanda hadi puani, mkononi ana kifurushi. Akashusha kanga, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Akasema, "Somo, nimekuja, sirudi." Nikamkanda uso kwa maji ya moto, nikampikia wali, nikamlisha. Halafu nikamfunda upya. Nikamwambia ndoa ina siku mbaya, nikamwambia majirani wasijue, nikamwambia ya ndani hayatoki nje. Nikamshika mkono huu, nikamrudisha kwa mumewe, nikampa yule mwanamume maneno mawili ya kumtahayarisha. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeokoa ndoa.

Baada ya siku ishirini alimpiga kofi likampasua ngoma ya sikio. Kaka zake wakaja kumchukua, ndoa ikavunjika. Sikwenda kumtazama. Nilijiambia nina kazi nyingi.

"Mwaka huu, mwezi wa Shaaban," nikamwambia Jenifa, "nimekutana naye sokoni. Mie nikataka kujificha nyuma ya matenga ya nyanya, akaniwahi. Akasema shikamoo, Somo. Kwa heshima ile ile niliyomfunza. Mie nikaitikia. Hakusikia. Akanigeuzia kichwa ili anisikie kwa sikio la upande wa pili."

Nikalia. Msibani nalia kama kila mtu, lakini hiki kilikuwa kilio kingine, cha kwikwi, kamasi na kanga yote imelowa. Nikamaliza karatasi zake nusu boksi. Cha ajabu, kadiri nilivyolia ndivyo kifua kilivyozidi kuwa chepesi. Nilijisikia kama siku unapovua viatu vilivyokubana harusi nzima.

Alipoona nimetulia akaniambia zimebaki dakika tano, ili nisitoke ghafla. Akaniuliza najisikiaje. Nikasema nina njaa. Akacheka.

"Sasa niambie," nikamwambia, "nina makosa au sina?"

"Wewe unaonaje?"

"Ningekuwa najua ningekulipa wewe?"

"Nikikuhukumu leo," akasema, "utatoka na hukumu yangu. Ningependa tuitafute yako. Kama unataka kurudi, Jumanne ijayo saa nne ipo."

Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshaamua kurudi, ila sikutaka ajisifu. Nilipokuwa mlangoni navaa viatu, sinia kichwani, nikakumbuka neno fulani.

"Ulisema ya humu hayatoki, isipokuwa nini?"

Akarudia, polepole. Isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Isipokuwa mtoto akiumizwa.

Nikashuka ngazi nikilitafuna neno hilo. Binti huyu ana miaka michache kazini, na siri yake ameiwekea mlango wa kutokea. Mimi miaka thelathini na minne nawafungia watoto wa wenzangu ndani, na sikuwahi kuweka isipokuwa hata moja. Nilimchukia kwa hilo mpaka bajaji ilipofika kwetu, halafu nikashindwa kuendelea kumchukia.

Jumanne ya pili nilikaa kitini. Ya tatu nilimwambia Jenifa kwamba nataka kwenda Kigombe. Hakuwa amenituma, na hakunipigia makofi. Aliniuliza nitafanya nini kama Mwanakombo akikataa kuniona. Nikasema nitarudi na gari lile lile. Akaniuliza nitajisikiaje. Nikasema vibaya sana, lakini koo langu halitakuwa na kisingizio.

Nilimkuta uani kwa mama yake anasafisha pweza. Nikapiga hodi, nikazunguka, nikakaa kwenye kigoda upande wa sikio lake zima. Sikuwa na hotuba. Nikamwambia, "Mwanakombo, ulikuja kwangu ukaniambia hurudi, na mie nikakurudisha. Nilikosea. Nisamehe, na kama huwezi, haki yako."

Hakuinua uso. Alimpiga yule pweza kwenye jiwe mara tatu, nne, kwa nguvu ambazo pweza hakuzihitaji.

"Mume nilimsahau zamani," akasema mwisho. "Kilichoniuma ni wewe. Nilingoja uje. Mwaka wa kwanza nilingoja kila Ijumaa."

"Nilikuwa naogopa, mwanangu."

"Ungeniogopea mimi basi." Akanawa mikono, akakaa kimya kitambo, nami nikakaa kimya naye. Kunyamaza nilikuwa nimeshafunzwa. Kisha akasema, "Kusamehe bado nakwenda nako polepole, Somo. Lakini umekuja. Usiondoke bila kula."

Tukala pweza wa nazi na muhogo. Nikamuuliza kama ananipa ruhusa kulitaja jambo lake kwa Mwanaima, bila jina. Akafikiri, akasema jina lake atalitaja mwenyewe, atakuja. Nilipanda gari la kurudi mjini nimeshiba, naimba kwa sauti ndogo, abiria wa pembeni akanitazama vibaya nami sikujali.

Siku ikafika. Chumba cha nyuma kwa Massoud, baba yake Mwanaima, mkeka umetandikwa, udi unafuka. Mwanaima amekaa katikati, miguu amenyoosha, kanga kichwani, uso chini. Shangazi zake wawili wamekaa kushoto. Mwanakombo amekaa ukutani kulia, kama alivyoahidi, na alikuwa ameshaeleza yake kwa maneno machache yaliyowatoa shangazi jasho. Nikaanza. Usafi, heshima, wakwe, kupokea, kukataa. Nikafika pale.

"Mwanangu, ya ndani hayatoki nje."

Koo likaanza kukaza. Nikalisikia, nikaliacha likaze, nikavuta pumzi.

"Isipokuwa," nikasema. Na sauti ikatoka! Yangu mwenyewe, nzima, ya ukumbini. "Isipokuwa mkono ukinyanyuka juu yako. Siku hiyo usifunike kitu. Yatoke yote, na wewe utoke nayo."

Shangazi mkubwa akakohoa. "Somo, sisi hukutufunda hivyo."

"Najua. Niliwafunda vibaya, mnisamehe na nyie."

Halafu nikafanya ambalo hakuna somo aliyelifanya katika chumba hicho. Nikamwambia mwari, "Mie nimemaliza. Sasa sema wewe." Nikanyamaza. Shangazi wakatazamana, mmoja akataka kumsaidia, nikamzuia kwa kidole. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, udi ukaendelea kufuka. Sikuwa na saa ukutani, wala sikuihitaji.

Mwanaima akaishusha kanga mabegani. Macho yalikuwa mekundu. Kumbe naye alikuwa na lake siku zote hizo, na mimi nilikuwa nashughulika na koo langu.

"Bibi," akasema, "siku nikija kwako, hutanirudisha?"

"Sitakurudisha, mwanangu."

Nilisema kwa sauti kubwa, chumba kizima. Mwanakombo, kule ukutani, hakuhitaji kugeuza kichwa.